Vidonge Ambavyo Papa Alivikataa

Goma, Ijumaa. Asubuhi ukungu ulifunika upande wote wa mtaa wetu wa Lac Vert, kisha jua likatoka bila haraka. Nimetulia leo. Jana sikudhani ningeweza kuandika hivyo.

Papa ana kansa ya tumbo. Kinachonitisha zaidi ni misuli yake. Kule Masisi alikuwa mfugaji, mutu wa kubeba ndama mabegani na kupanda naye kilima. Sasa paja lake linaenea lote ndani ya viganja vyangu viwili. Anakula, lakini bado anakwisha.

Hospitali inajaribu dawa ya kuzuia misuli isiishe hivyo. Baadhi ya wagonjwa wanapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kinachofanana nayo, kisicho na kitu ndani. Nani anapewa kipi, hata dokta wetu hajui. Alituomba jambo moja: Papa asinywe dawa nyingine ya nguvu bila kumwambia.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi sokoni Birere, nikanunua vidonge vya kujaza mwili, vile vya vijana wanaonyanyua vyuma. Nikaviweka kando ya uji wake.

"Hii ni ya hospitali?"

"Hapana, Papa. Lakini hawatajua."

Akavisukuma pembeni. "Mutoto wangu, nikipata nguvu, batasema dawa yao ndo imefanya kazi. Na kama haifanyi? Batapatia bagonjwa wengine kitu cha bure, kisichosaidia."

"Na kama wewe ndiye unayepewa kile kidonge cha bure, kisicho na kitu ndani?"

Akachota uji. "Basi nitakuwa nimekunywa cha bure."

Nilitoka uani nikalia kwa hasira. Wagonjwa wengine siwajui.

Mimi namtaka baba yangu.

Usiku ulipita. Vidonge nimevitupa chooni.

Leo hospitalini dokta alimwomba asimame kutoka kitini bila kushika popote. Alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akasimama.

"Ni dawa?" nikauliza haraka.

"Sijui, dada. Bado mapema."

Papa akakataa kiti cha magurudumu. Alitembea mwenyewe hadi getini, polepole, nami nyuma yake, mikono wazi, bila kumgusa.

Labda ni dawa. Labda ni ukaidi wake tu. Je, nitaweza kuishi bila kujua? Leo, hadi getini, niliweza.