Nyumba Uliyoniachia Ina Usukani

Baba Zuhura,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siiulizi. Yangu, kama ungekuwa unaijali, usingekufa kwa homa ya siku nne ukaniacha na lori lenye kitanda, jiko na mapazia, bila kunionyesha hata mahali pa kutia maji. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zile za kisomo cha watu wazima ulizokuwa ukizicheka, ukisema nachora vifaranga. Haya, vifaranga wamekuja kukusema.

Nianze na wewe kabla sijafika kwa mdogo wako, maana ujinga wa lile gari haukuanza naye. Yule Mzungu wa shamba la mkonge uliyemtumikia tangu kabla ya Uhuru, mashamba yalipotaifishwa akafunga mizigo, akakuachia lori lake la kwendea Mikumi kutazama wanyama. Mbele lori, nyuma nyumba. Ukaliingiza Kimamba ukipiga honi, watu wakadhani kuna kiongozi. Dereva mzima, miaka kumi na ushee kwenye usukani, lakini mambo ya ndani hukujua hata moja. Uliona tundu chini ya karai la kuoshea vyombo, ukasema limetoboka, ukaliziba kwa lami. Nikaosha vyombo, karai likajaa, maji yakatangulia kulala kitandani kabla yetu. Kile chumba kidogo cha choo ulikikataa mbele ya majirani. "Mtu na akili zake aende haja hatua mbili kutoka kwenye mto wake?" Ukakijaza mahindi. Hapo tu ndipo nilipokuunga mkono.

Na lile swali ulilompelekea mwalimu wa madrasa, umelisahau? Ulimwuliza: mtu akiwa ndani ya nyumba yake, na nyumba inatembea, ahesabiwe yuko safarini au yuko kwake? Apunguze sala au aswali kamili? Mwalimu wa watu alikutazama toka kofia hadi kandambili, akakuuliza kama siku hiyo huna kazi. Nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo kwa kanga.

Halafu ikaja masika ile mito ilipofurika, nyumba yetu ya udongo ikalala chini, tukahamia garini mimi, wewe na Zuhura. Tukakaa humo mpaka kila mtu Kimamba akasahau kwamba tuliwahi kuishi penginepo. Mara tatu nilikuomba unifundishe kuliendesha. Mara tatu ukanijibu lile lile: "Mwanamke na usukani, wapi na wapi." Kazi yangu, ukasema, ni kukaa nyuma nishike sufuria zisianguke. Nikashika. Hilo sijakusamehe, na nakuambia mapema usije ukajidanganya huko.

Sasa sikia yaliyotokea.

Ulipofariki nilikaa eda mle mle garini, miezi minne na siku kumi za mjane kutotoka nyumbani kwa mumewe. Nyumbani kwako ni wapi tena, kama si humo? Siku ya arobaini yako, watu hawajamaliza hata kunawa mikono ya pilau, mdogo wako Athumani akasimama akatangaza kwamba gari ni mali ya ukoo, na yeye ndiye dereva aliyebaki. Dereva! Misimu miwili ya trekta kule Magole, tena shambani, hakuna kona wala gari la mbele, na bado alifanikiwa kugonga ghala. Akasema Mikumi, kando ya barabara mpya ya kwenda Iringa, wanagawa viwanja vya kijiji cha ujamaa, naye amekwisha andikisha jina. Walipomwuliza ataanza lini kujenga, aliwajibu, "Nyumba naja nayo." Angefungua hoteli ya chai. Mimi nirudi kwetu Tindiga kwa kaka zangu. Zuhura hakumtaja kabisa, kana kwamba mtoto ni kifurushi changu.

Nikamtuma Zuhura kwa mwalimu yule yule. Mjane hatoki katika nyumba aliyofiwa mpaka eda iishe. Je, nyumba yenyewe ikitoka? Safari hii mwalimu hakumwuliza mtu kama hana kazi. Alishinda na vitabu vyake kutwa nzima, jioni akarudisha jibu: nyumba ikiondoka naye yumo, hajatoka. Ila akishushwa, aliyemshusha ana lake la kujibu mbele ya Mungu. Mama yako kusikia hivyo, alichukua mkeka wake na kopo lake la ugoro, akapanda garini. "Mimi na mkwe wangu tumo humu," akasema, akalala. Athumani hakuwa na namna. Kiwanja kilikuwa kinamsubiri, ikabidi atubebe.

Ningependa ungeona alivyoondoka. Hata kulizunguka gari kulitazama hakulizunguka. Ngazi ya mlangoni aliiacha chini, ikang'oka kwenye mfereji wa kwanza. Kuku wetu alikuwa ameatamia kule chini juu ya tairi la akiba, akasafiri na mayai yake mpaka njia panda, huko akaamua kushuka. Na ile kamba ya kuanikia nguo uliyoifunga wewe mwenyewe, fundi mkubwa, kutoka dirishani kwetu hadi kwenye bafu la mabua la Mzee Kondo, hakuna aliyeifungua. Gari likaondoka na kamba, kamba ikaondoka na bafu, na Mzee Kondo alikuwa ndani ana povu kichwani. Alisimama pale na kopo lake mkononi akitazama bafu lake linavyokwenda Kilosa. Nilicheka, Baba Zuhura. Katika nguo nyeupe za eda nilicheka mpaka machozi, halafu yakageuka machozi ya kweli, kwa sababu mtu wa kumsimulia ulikuwa ni wewe.

Tulipita Kilosa salama kwa rehema za Mungu tu. Mbele kidogo, katika kijiji kimoja, Athumani akasimama kuomba maji ya rejeta. Watu wakaona gari jeupe lenye mapazia, na dirishani mwanamke kavaa nyeupe tupu. Habari ikatembea kwamba nesi amefika. Kufumba na kufumbua kina mama wamejipanga na watoto mgongoni, mstari mpaka kwenye ofisi ya kijiji. Na huyo mdogo wako, badala ya kusema hapana, aliwapanga vizuri zaidi, kwa sababu mmoja wao alimwita Bwana Mganga. Mama yako ndiye aliyejitokeza mlangoni akawaambia huyu ni mjane, si nesi, nendeni zahanati. Wakatawanyika wakinung'unika. Mmoja tu aligoma kuondoka mpaka Mama alipomshika mwanawe paji la uso na kumhakikishia kwamba hana homa.

Baada ya kijiji cha Ulaya, kwenye kilima, gari likazima. Hapo ndipo nilipomjua Athumani kwa kina chake, na kina chenyewe ni cha kisahani. Alivuta choki, kile kishikio cha kuzidishia injini petroli, akapiga stata, halikuwaka. Akavuta tena. Harufu ya petroli ikajaa mpaka kwenye unga wetu. Akashuka, akapiga tairi teke, akafungua boneti, akasimama anaitazama injini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Jua likahama kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, yeye bado anatazama.

Mimi nyuma ya pazia nilikuwa najua. Sikujua kwamba najua, lakini nilijua. Miaka yote ile niliyokaa nyuma ya kisogo chako, ulizungumza na gari kuliko ulivyozungumza na mimi. "Ukiwa baridi nakuvutia choki, mama, ukiwa moto sikugusi." Gari uliliita mama, mimi uliniita wewe. Basi nikasema kupitia pazia: Shemeji, irudishe hiyo choki. Kanyaga mafuta mpaka chini, halafu washa. Likawaka. Ahsante hakuitoa. Alisema, "Nilikuwa nataka kufanya hivyo hivyo." Kuanzia pale hadi Mikumi nilimwendesha kwa mdomo: gia ya pili, shemeji, achia breki, shemeji, shemeji, macho umekuja nayo au umeyaacha Magole? Mama yako akawa ndiye anayeshika sufuria.

Tukawekwa kiwanjani, mstari wa pili kutoka barabarani. Nikamalizia eda yangu huku nikisikia mabasi yanapita. Athumani alilala kwa rafiki yake, lakini kila jioni alikuja kuhesabu siku, si kwa ajili ya marehemu kaka yake, ni kwa ajili ya chai. Alisimika nguzo yenye ubao, akaandika HOTELI. Kisha siku moja alikuja na chaki, akachora mraba ubavuni mwa gari, pale pale palipo kitanda chetu. Hapo ndipo fundi atakapokata dirisha la kuuzia maandazi. Usiku nilikuwa nalala na mraba ule kwa upande wa pili wa bati, kichwani kwangu. Niliogopa. Nikuambie ukweli, sijawahi kuogopa vile, hata siku uliyokata roho. Siku ile niliogopa kwa ajili yako. Sasa nilikuwa naogopa kwa ajili ya Zuhura, kwamba atakua anahesabiwa kama mgeni katika nyumba za wajomba.

Siku ya kutoka eda, alfajiri, Mama alinichukua mtoni kuoga. Ilikuwa baridi ya kipupwe, moshi unatoka mdomoni. Hatujamaliza, tukasikia stata. Athumani hakusubiri hata maji yakauke mwilini mwangu. Alikuwa anaiondoa nyumba kuipeleka kwa fundi, na Zuhura amelala ndani. Nikataka kukimbia. Mama akanishika mkono. "Msikilize kwanza," akasema. Gari likakohoa, likanyamaza. Likakohoa, likanyamaza. Lilikuwa baridi, limelowa umande usiku kucha, nalo somo alilolishika mdogo wako njia nzima lilikuwa moja tu: choki haiguswi. Mama akanifunga kanga vizuri, akanipaka mafuta, tukarudi kwa mwendo wa watu waendao harusini.

Tulikuta watu wamejaa, na mwenyekiti wa kijiji miongoni mwao. Athumani jasho linamtoka katika baridi ile. Mama akamwambia, "Shuka, mwenzio ajaribu." Akacheka, akawageukia watu ili wacheke naye. "Atawasha nini huyu?" Wachache wakacheka. Nikapanda. Kiti chako kikubwa, Baba Zuhura. Ilinibidi nikae ukingoni ndipo miguu ifike. Nikavuta choki. Nikameza mate mara tatu, kama ulivyokuwa ukimeza wewe. Nikapiga stata.

Likawaka mara moja.

Hapo ningezima nishuke kwa heshima zangu. Lakini mimi nami ni mjinga wa siku ya kwanza, nikaingiza gia. Klachi niliiachia kama mtu anayeachia sufuria ya moto. Gari likaruka, likaiendea ile nguzo ya HOTELI, likailaza, likaizunguka nyumba ya jirani huku mimi natafuta breki, mbuzi wanakimbia, watu wanakimbia, Zuhura ameamka anapiga kelele, likarudi likasimama palepale lilipokuwa. Lilizima lenyewe. Mimi sikujua nimelisimamishaje, na mpaka leo sijui.

Mama yako hakumtazama Athumani. Alimwendea mwenyekiti, akasubiri shikamoo yake, akaiitikia, kisha akasema, "Kiwanja hiki mwandike huyu. Mwanangu aliwaambia nyumba anakuja nayo. Nyumba imekuja na mwenyewe." Mwenyekiti akatoa kalamu. Wakati anaandika jina langu nilikuwa bado nimeshika usukani, maana mikono ilikataa kuachia.

Athumani amerudi Magole kwenye trekta lake. Anawaambia watu ametuachia kwa huruma, nasi tumemwacha aseme. Mama amebaki na sisi. Ametoa mahindi yako yote chooni, na chumba anakitumia kwa kazi yake. Anasema sisi tuliokitilia mahindi tulikuwa washamba. Zuhura anasoma darasa la tano. Kila Jumamosi nalipeleka gari mpaka mwisho wa kijiji na kurudi. Kwenda mbele najua. Kurudi nyuma bado.

Nakudharau kwa mengi, Baba Zuhura. Kwa lami, kwa kamba, kwa maswali yako. Zaidi kwa hili, kwamba mambo yenyewe yalikuwa mepesi hivi, na ulikuwa nayo mdomoni kila siku, ukanigeuzia kisogo. Tungeweza kukaa mbele wote wawili. Ungekunja mguu, ungevuta sigara yako, mimi ningeendesha, nawe ungenigombeza njia nzima. Hilo ndilo ulilonidhulumu. Nakukumbuka mpaka napata hasira.

Basi pumzika. Mvua zikikata nitakuja Kimamba kukusomea dua, nikiendesha mwenyewe, na Zuhura kiti cha mbele. Nimeahidi mbele ya mama yako, sitarudi nyuma. Ila makaburini pale hapana nafasi ya kugeuza, itabidi niingie kinyumenyume. Kwa hiyo siku hiyo ukisikia nakuja, waambie majirani zako wajibane.

Mimi mkeo,
Mama Zuhura, dereva.