Kitunguu cha Mtakatifu Daudi

Mjukuu wangu Rehema, marahaba. Hapa mtaani Xiaobei, Guangzhou, tu wazima. Mama yako bado anabishana na wakala wa mizigo.

Unaniuliza ufanye nini ukiwaharibia wenyeji wako wa Wales sherehe, maana umepewa kazi ya kupika supu ya liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, tarehe mosi Machi, sikukuu ya Daudi, mtakatifu wao. Hofu hiyo naijua.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Guangzhou, mwalimu wetu, mama wa Wales, alinituma sokoni nimletee liki ya kuvaa kifuani, kama ilivyo desturi yao siku hiyo. Sikuwahi kuiona. Nilirudi na kitunguu cha majani cha Kichina, kirefu kama mkono. Wageni walishafika, wakacheka. Na sikukuu ile aliingoja mwaka mzima.

"Mwalimu, nimekosea?"

"Umekosea sana, kijana. Nipe pini."

Alikibandika kwenye koti lake jipya, akakaa nacho mpaka mwisho, kikinuka. Alipoimba wimbo wa kwao, peke yake, machozi yalimtoka. Sikumwuliza kama ni kitunguu.

Wewe pika, halafu uniambie walisema nini.

Babu yako