Mama wa Mwalimu wa Madaktari

Marangu, 8 Juni 2024

Mwanangu Elinipendo,

Unaendeleaje na joto la Moshi? Huku tunaota moto mchana.

Habari yako nimeshaifikisha kanisani. Mke wa mwinjilisti alikuwa anajisifu mwanawe Godlove anapandisha Wazungu mlimani. Nikamwacha amalize. Nikamwambia, wangu siku hizi hatibu tu, anafundisha hao watakaotibu. Akaanza kufunua kitabu chake cha nyimbo. Na mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyekuzaa.

Mimi mzima, ila ubavu wa kulia unanisumbua. Ni kubeba majani ya ng'ombe.

Mama yako

Moshi, 30 Juni

Shikamoo Mama,

Ndizi zimefika, asante. Mimi sijambo, ila nimechoka.

Usinisifie kwa watu. Kutibu najua, kufundisha hakuna aliyenionyesha. Nilikabidhiwa wanafunzi kama mtu anavyopewa zamu. Mmoja akimpima mgonjwa vibaya namwondoa mkono, nafanya mwenyewe, wenzake wanabaki kutazama mgongo wangu. Juzi nilimfokea Denis mbele ya mgonjwa, hajarudi wodini. Dokta Theodory, mkuu wetu, alikuja kunitazama nikifundisha, akaniambia niweke mikono nyuma ninyamaze. Siwezi, Mama. Nitaomba nirudi kutibu tu.

Ubavu umeanza lini? Shuka nikupime.

Mwanao, Elinipendo

Marangu, 22 Septemba

Mwanangu,

Salamu za hapa nyumbani. Ng'ombe amezaa, dume tena.

Kuacha usithubutu, nimeshawaambia watu. Huyo Denis mwite arudi. Sisi mwalimu alitufokea na fimbo juu, na barua si hii naandika?

Nitashuka. Lakini usinipime pembeni. Nataka nikukute umezungukwa na hayo makoti meupe, wanipime wao.

Mama yako

Moshi, 19 Oktoba

Shikamoo Mama,

Ulifika salama? Unakula?

Siku ile wodini, Denis, niliyemwita arudi kama ulivyosema, alipokugusa chini ya mbavu, mkono wake ulisimama akaniangalia. Mikono nilikuwa nimeifunga nyuma, vidole vinauma. Wewe ukamwambia, "Endelea baba, mwalimu wako nimemzaa mimi." Akasema ini limevimba, ni gumu, lina vinundu. Alipatia kila kitu. Hajawahi mwanafunzi wangu kugundua ugonjwa peke yake, na nilitamani awe amekosea.

Majibu ya picha nilikueleza. Ni saratani, imeshasambaa, upasuaji hautasaidia.

Denis alipokuuliza, ulimjibu ubavu ulianza kukuuma Pasaka ya mwaka jana. Mimi uliniambia ni majani. Kwa nini, Mama?

Nakuja Jumamosi ijayo. Wanafunzi watatafutiwa mtu mwingine.

Elinipendo

Marangu, 24 Oktoba

Mwanangu,

Anaandika Yuditha, binti wa shangazi yako, mkono wangu umechoka. Maneno ni yangu, nimemkataza kupunguza.

Ningesemaje? Watu wangecheka, mama wa daktari anaumwa na mwanawe hajui. Halafu ukawa mwalimu, ndiyo ikawa ngumu zaidi. Nilidhani ugonjwa utaondoka wenyewe.

Alichosema Denis sikukisikia. Nilikuwa nakutazama wewe, umesimama hivyo, na wote wanakungoja. Usiwape mtu mwingine. Nimekataza.

Chakula hakipiti. Jana mke wa mwinjilisti kaniletea mtori wa ndizi, nikamwambia nimeshapona, wanafunzi wa Elinipendo wameniponya. Akayatazama haya macho yalivyo ya njano, akasema Bwana asifiwe, akaninywesha kwa kijiko kama mtoto.

Ukija, usimwambie tofauti.

Mama yako