Majina Yaliyopotea Kwenye Diski

Nzuguni, Dodoma
Agosti 1998

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Busi, na kifua cha mama kimeacha kumbana. Huku sisi hatujambo, ila vumbi la kiangazi hiki linatumaliza.

Hitilafu nimeipata, dada. Haikuwa mikono yako. Ndani ya mfumo unaoendesha kompyuta kuna sehemu inayopokea maombi ya kuandika kwenye diski. Makarani wawili wakihifadhi kwa pamoja, ombi la kwanza lilipita, la pili likawekwa foleni. Diski ikishamaliza la kwanza, sehemu ile ilifuta foleni nzima, kisha ikawajibu wote wawili kwamba kazi imehifadhiwa. Ndiyo maana ulikuwa unaona "tayari" huku majina ya watu waliopunguzwa kazi, wanaosubiri kiinua mgongo chao, yakipotea. Nimeirekebisha. Sasa haimjibu mtu mpaka diski yenyewe ijibu. Tumeijaribu na makarani wote pamoja, halikupotea jina hata moja.

Nilikimbilia kwa Bwana Silvano, mkuu wetu, nikidhani atakuita urudi. Alinipongeza, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba hilo alilijua. Fundi aliyeleta mashine alimweleza kabla hajakusimamisha mbele ya watu wale na kuwaambia umekula hongo ukafuta majina yao. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mashine ikionekana mbovu wafadhili wangeondoka. Karani, alisema, anapatikana popote.

Jumatatu aliwaita wale watu waone majina yao yameandikwa upya. Nikasimama bila ruhusa, nikaeleza yote, nikilia. Silvano hakunikatiza. Mzee Elisha, yule aliyekutemea mate, akainuka, nami nikadhani anataka kukuomba radhi. Akasema mambo ya kompyuta wao hawayajui, ila wanaona mimi ni mdogo wako na sina budi kukutetea. Basi kwa ajili ya machozi yangu, wamekusamehe. Wakapiga makofi. Silvano naye akapiga.

Katika barua iliyopita nilikuandikia ufunge mizigo urudi kazini. Ifungue, dada, usije. Hata mimi nimeambiwa mwisho wa mwezi niondoke.

Msalimie sana mama na watoto. Mama mweleze habari za mashine, lakini hili la kwamba umesamehewa usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Joha