Kengele ya Mbwa Asiyebweka

Kindu, karibu na gare ya treni, wiki ya nne ya matanga

Kwa wifi yangu Mwayuma, kwetu Lowa

Mwayuma, weye njo muntu wa namna gani? Miaka yote hii Lualaba inapita kwangu kwanza kabla ya kufika kwako. Naosha sufuria hapa, uchafu wake unafika mpaka mulangoni kwako, lakini weye mwenyewe hufiki. Salima wangu amezaa mara sita, hujaona hata mumoja. Nyumba yetu imejengwa, imeanguka, imejengwa tena, hujaona. Wauza samaki wanapanda kutoka huko na mashua ya masini, nawauliza, "Mwayuma iko?" Wananijibu, "Iko, anatembea, anagombana na watu." Basi miguu unayo na mudomo unao. Kitu gani kinakushika?

Najua ni kitu gani. Njo maana nakuandikia.

Anayeshika kalamu ni Papa Tshibangu, jirani yetu, Mukasai kwa asili, aliyekuwa kalani wa treni. Miye, unajua, sikukaa shuleni hata siku moja. Nimemuapisha aandike kama ninavyosema, asitie sukari. Weye ulifika darasa la tano na ulituringia nalo, basi soma mwenyewe, usimupe muntu akusomee. Simu sikupigii kwa sababu unaikata katikati ya salamu. Karatasi itangoja mpaka hasira ikuchoke.

Kwanza habari ya mwili. Lile goti la kushoto bado linakuuma mvua ikikaribia? Likande na mawese ya moto, usilifunge kitambaa, utalilemaza. Unakula? Wananiambia umekonda mpaka kikwembe kinakuzunguka mara tatu. Kula, mama. Huku sisi wazima, Salima muzima, watoto wake wazima na wakorofi. Miye jicho la kuume limefunga kabisa. Kwa la kushoto naona watu kama moshi wenye miguu.

Kaka yako tumemuzika. Hilo ulilijua, lakini hujalisikia kutoka mudomoni mwangu, basi lisikie. Ramazani amekufa.

Nataka kukuambia simu yako ilifanya nini. Siku mbili kabla hajaondoka tulikuwa tunamuombea radhi kwa watu, kama inavyofanywa, nyumba imejaa mpaka uani. Salima akakupigia, akafungua sauti, akaweka simu karibu na sikio la baba yake. Watu wote wakasikia: "Mwambieni mbwa wake amuzike." Halafu ukakata.

Na yeye alisikia. Maneno mengi yalikuwa yamekwisha kumutoka, hata maji aliyaomba kwa kidole, lakini hayo aliyasikia. Akasema, "Ana haki." Nikafungua mudomo niseme. Akanifinya kwa ule mukono wake mubovu, akanifinya kweli, alama ilikaa mpaka siku ya kuzika. Nikafunga mudomo. Sasa iko chini ya udongo, hawezi kunifinya tena.

Rudi nami kwenye asubuhi ile ya vita. Risasi zinalia kwenye njia ya pori, watu wanakimbia na kuku na magodoro. Sisi tumekwisha kuteremsha mutumbwi, ule mudogo wa nyavu, twende Kindu kwa Salima. Mbwa amekaa mbele. Acha-Waseme. Jina hilo nilimupa kwa ajili ya mudomo wako, na ulijua. Kila jioni nilimuita kwa nguvu ili usikie: "Acha-Waseme, njoo ule!" Na weye kutoka jikoni kwako: "Ashibe vizuri, njo mutoto wako wa pili!" Kwa sababu nilizaa mumoja tu. Tulikuwa tunauana hivyo kila jioni, na asubuhi tunaazimana chumvi.

Ukatokea juu ya njia, furushi kichwani, mutoto wako Idi mugongoni. Ukapiga kelele, "Kaka, ningoje!" Na Idi akakohoa. Ule ugonjwa wake wa kifaduro, wa kuvuta pumzi kama jogoo, hata muntu wa ng'ambo angeusikia.

Ramazani akachomeka upondo kwenye matope. Alikuwa amekwisha kumushika mbwa shingoni, amutoe, akupe nafasi. Miye njo nilisema, "Sukuma."

Akanitazama. "Yule ni dada yangu."

"Sukuma. Mbwa huyu habweki. Mutoto yule anakohoa. Watatusikia, watatuua."

Ulikuwa mbali, hukusikia. Uliona tu mugongo wa kaka yako, na mbwa anakutazama. Ukawaambia watu wote kwamba Ramazani alikubadilisha na mbwa. Hapana, Mwayuma. Miye njo nilikubadilisha. Kosa lake yeye ni moja: alisukuma.

Papa Tshibangu ameweka kalamu chini. Anasema hayo yasiandikwe. Nimemuambia aokote kalamu.

Tukapanda maji kuelekea kusini, siku kumi na moja. Tulisafiri asubuhi mapema na jioni, jua likiwa kali tunajificha ndani ya matete ya visiwa. Ungetuona ungesema watu wa arusi wanatembezana: bwana nyuma na upondo, bibi katikati na chungu, mbwa mbele ananusa upepo. Kila kisiwa alishuka kuwinda, akaleta simbiliki, yule panya mukubwa wa matete, tukabanika, tukala vizuri. Nitakuambia na aibu yake: siku mbili au tatu zilikuwa tamu. Tulicheka. Weye ulikuwa porini na mutoto anayekohoa, na sisi tulikuwa tunacheka.

Kitu kimoja tu kilitusumbua, kengele yake. Unaikumbuka, ile ya muti ya kuwindia, ili mbwa asiyebweka asikike porini. Ramazani alikataa kuifungua. Kamba ile baba yenu aliifunga mwenyewe pamoja na dawa ya kuwinda, na kwenu kengele aliyofunga baba haifunguliwi mpaka mbwa afe. Basi tukiwa majini tuliiziba kwa majani makavu, kama wawindaji wanavyofanya, inakuwa bubu.

Siku ya saba tukafika mahali ambapo Lualaba inabanwa kati ya kisiwa na ukingo, na kwenye ukingo wamekaa watu wa bunduki. Mvua ilikuwa imenyesha muchana na usiku, jani kavu halikuwepo dunia nzima, na yale mabichi yaliteleza yakatoka. Tulikuwa tumebakiwa na kipande kimoja cha kwanga, ule mukate wa muhogo. Nikakikanda, nikakishindilia ndani ya kengele, ikanyamaza. Nikajisifu. Ramazani akasema, "Akili njo hiyo." Na mbwa hajala tangu juzi.

Weye umekwisha kuona. Miye sikuona.

Tulipofika mbele yao, mbwa akasikia harufu ya muhogo chini ya kidevu chake. Akaanza kukwaruza. Nikamukamata miguu ya mbele, akatikisa kichwa. Kipande kikadondoka, akakimeza, na kengele ikalia. Ko, ko, ko, kama muntu anatwanga. Hakubweka, Mwayuma. Mpaka mwisho hakubweka.

Wakatuita ukingoni. Walikuwa vijana wa kucheka-cheka. Mukubwa wao akauliza, "Muzee, mutumbwi wako unabeba wangapi?"

"Wawili."

"Na huyu mwenye mukia?"

"Na huyu."

"Basi kumbe unabeba watatu."

Wakacheka. Miye kichwa kikanipasuka, kwa sababu hesabu ile ilikuwa ya kweli, na muntu mubaya njo alinifanyia.

Akasema, "Tunabaki na mumoja. Chagua, muzee. Mama au mbwa?"

Ramazani akanyamaza. Akanyamaza mpaka siafu waliokuwa wanavuka njia wakamalizika wote, na miye nawatazama wa mwisho wanaingia majanini. Njo pale nilijua jinsi ulivyosimama weye juu ya njia. Halafu akasema, "Mbwa."

Wakamupa kafi yake mwenyewe amuue nayo. Alipiga mara moja, alijua mahali pa kupiga. Wakamubanika pale pale, wakasema, "Kuleni." Ramazani akasema, "Sisi Waislamu." Wakagaragara kwa kucheka: "Mwislamu mwenye mbwa!" Neno kwa neno kama mwalimu wetu wa musikiti alivyokuwa anatutukana kila Ijumaa. Wakamuvunja mukono wa kuume kwa kitako cha bunduki. Miye nilikula. Nilikula na nikaomba chumvi, kwa sababu walitaka kuona machozi yangu na sikutaka kuwapa. Chumvi ile iliwachekesha kuliko yote. Njo ilituokoa. Wakasema, "Nenda na muke wako, muzee, huyu ni mubaya kuliko sisi."

Nimefikiri maneno hayo miaka mingi. Hawakukosea sana.

Kengele waliitupa kwenye muchanga. Niliificha ndani ya kikwembe.

Siku nne zilizobaki nilipiga upondo miye, binti wa wakulima, nisiyejua maji. Tulizunguka kama sufuria tupu. Kaka yako amelala katikati, mukono umevimba kama muhogo uliolowekwa. Siku zote nne alisema neno moja tu: "Mwayuma angetufikisha kwa siku mbili." Ilikuwa kweli. Weye uliyewashinda wanaume kwa upondo nilikuacha ukingoni, nikachukua mbwa.

Mukono haukunyooka tena. Watu wa Kindu walimuita shujaa wa vita, akaficha mukono.

Mwaka uliofuata nilikuwa sokoni nanunua samaki, mwanamuke wa kwetu akaniambia Idi alibaki porini. Kwamba alikohoa mpaka akachoka, na kwamba ulimuchimbia weye mwenyewe kwa panga, kwa sababu majembe yalibaki kijijini. Nilikaa na habari hiyo siku tatu tumboni kabla ya kumuambia Ramazani. Alipoisikia alikwenda kukaa kando ya maji, hakula.

Nikamuambia, "Nitamutumia Mwayuma neno. Nitamuambia ni miye."

Akasema, "Usithubutu. Kaka na dada watakuja kusemezana siku moja. Lakini wifi na wifi? Akijua ni weye, hatakanyaga hapa mpaka kufa. Acha anichukie miye."

Njo hivyo alivyofikiri. Akachukua hasira yako akaivaa, akazeeka nayo. Kila mashua ya kutoka Lowa ikitia nanga alitembea mpaka bandarini na mukono wake uliopinda, akatazama wanaoshuka. Alikosea, muzee wangu. Hukuja. Na miye nilimuacha akosee, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kupendwa na weye kwa mbali kuliko kuchukiwa. Kila sikukuu ya Idi ulinitumia salamu, unakumbuka? "Musalimie Zaina, yeye hana kosa." Nilizipokea. Nilikuwa nazila kama ile nyama.

Sasa sikuombi radhi yangu. Hasira yako miye nitaishi nayo, nina meno machache lakini nitaitafuna. Nakuomba radhi ya kaka yako. Iko peke yake kule na neno lako la simu, na neno hilo halikuwa lake. Muondolee. Usimuondolee kwa simu, wala kwa muntu aliyetumwa. Njoo usimame juu ya udongo wake, useme kwa mudomo wako, asikie sauti ile ile. Arobaini imebaki siku kumi na mbili. Mashua zinapanda, hakuna anayepiga risasi, na nafasi iko.

Nisalimie mwalimu wa musikiti, umuambie alishinda, hatufugi mbwa tena. Nisalimie mukunga aliyenizalisha Salima, kama bado anavuta tumbaku aache. Nisalimie mutoto wako mukubwa, fundi wa nyavu, umuambie upondo wa mujomba wake uko hapa ukutani, ni wake. Na aliyebaki porini, ukipita njia ile, umuambie jina lake nalitaja kila swala, na kwamba sijui niseme nini baada ya jina.

Miye Zaina, mama Salima, wifi yako. Alama hii nyeusi ni dole gumba langu. Papa Tshibangu amelipaka wino na amelia juu ya karatasi, hayo maji si yangu.

Ukifika, usipige hodi. Kengele ile nimeitundika mulangoni, na ndani sikuweka kitu. Ipige kwa nguvu. Nitatoka na kijicho changu kimoja, na weye unipige kofi mbele ya wote waliosikia simu. Moja tu, la kukuacha ukingoni. Ukiongeza la pili nitarudisha. La Idi usilipige, hakuna kofi linalotosha. Halafu unishike mukono uniongoze mpaka kaburini, kwa sababu njia ile peke yangu siioni tena.