Waliniita Mara Tatu Kaburini kwa Baba

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Mimi ni Nanzala, nauza vitambaa hapa mjini Eldoret, na mwezi uliopita baba yangu, Mzee Mulongo, alifariki nyumbani Webuye, mwendo wa saa moja na nusu tu, na sikuenda kumzika, kwa sababu Ndugu Phineas, kiongozi wa kikundi chetu cha kusoma Biblia kule mtaa wa Pioneer, alifungua ule mstari wa Yesu wa kuwaacha wafu wazike wafu wao akaniambia, “Dada, hapa unasemwa wewe, ukienda matangani umegeuka nyuma,” na nilipomuuliza amejuaje akajibu, “Kufasiri ni kusema unachoonyeshwa,” basi nikazima simu, nikafunga siku mbili, nikidhani namtii Mungu. Baadaye ndugu yangu Lenny alinipigia: “Ulikuwa kwenye programu, usome wasifu wa mzee. Uliitwa mara tatu kama mtu wa kortini. Mama alikataa jeneza lishushwe mpaka saa kumi, anaangalia tu barabara.” Tangu hapo Mama hashiki simu yangu. Sasa kikundi kinataka Jumapili nisimame mbele ya kanisa nitoe ushuhuda wa jinsi nilivyoshinda jaribu la kwenda matangani. Mshauri, nikiona mzee amevaa koti kama la baba, nafunga duka nikalie ndani. Nilimtii nani?

Nanzala, Eldoret

JIBU

“Kufasiri ni kusema unachoonyeshwa.” Hapana. Huko ni kubahatisha kwa sauti kubwa. Kufasiri Maandiko ni kazi: unauliza nani alisema, alimwambia nani, kwa nini, na nini kimeandikwa kabla na baada. Katika mstari huo Yesu alikuwa njiani, akimjibu mtu mmoja. Yesu huyo huyo alilia kaburini kwa rafiki yake, akawakemea waliotumia dini kuwakwepa baba na mama. Yusufu aliomba ruhusa kwa Farao, akatoka Misri kwenda kumzika baba yake. Sura hizo Phineas atazifasiri lini?

Pole, dada. Lakini sitakubembeleza. Biblia ilikuwa mkononi mwako, na kusoma unajua. Simu uliizima mwenyewe.

Ushuhuda huo usitoe. Jumamosi asubuhi nenda Webuye. Usimsomee Mama mistari, wala usiseme “niliambiwa”. Sema, “Mama, nimekosa.” Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufukuza, kaa nje mpaka saa kumi, kama alivyokungoja. Kisha nenda kaburini usome ule wasifu wote kwa sauti, hata kama hakuna anayesikia ila ng'ombe. Huenda Mama asikusamehe mwaka huu. Baba naye hatakuitikia, na hilo utalibeba.

Nanyi wa kikundi cha Pioneer, najua gazeti hili mnalisoma. Someni sura nzima kabla ya kumwamulia mtu maisha yake. Na Jumapili, zamu ya ushuhuda ikifika, mwiteni Nanzala. Mwiteni mara tatu, mnyamaze, mtazame mlango.