Siku Sitini za Sikio la Kushoto

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Hivi una akili zako timamu? Nakuandikia kwamba mwanao anakaribia kutolewa darasani, wewe unaniletea kifurushi cha muziki. Ningekuandikia nyumba inaungua ungeniletea kanda ya ngoma.

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo? Kifua kimepona? Na huyo mzee unayemlea huko ng'ambo bado anagoma kuoga? Sisi wazima, ukiacha magoti yangu.

Mwalimu wa Chiriku aliniita tena Jumatatu. Anasema akiwaambia watoto wafungue ukurasa wa kumi, waandike tarehe, halafu wapige mstari, mwanao anapiga mstari tu na kukaa. Anatazama mikono ya wenzake ndipo naye afanye. Mwalimu mkuu ameamua: tarehe ishirini na tatu Novemba atapimwa, na akishindwa, Januari anapelekwa shule ya bweni ya viziwi, mwendo wa siku nzima kwa basi. Nikamwambia huyo wa darasani, Mwalimu, huyu si kiziwi, huyu akiwa uani anasikia kopo la sukari likifunguliwa jikoni. Akaniambia, "Bibi, darasani kwangu hakuna kopo la sukari." Nimemwogopa yule mwanamke, na mimi siogopi watu ovyo.

Mtoto ana miaka minane. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajatambaa. Sasa anapitisha siku nzima bila neno. Simtoi kwangu aende bweni, ujue hilo.

Kidude nimekiona, na hedifoni, na karatasi ya maelekezo yenye maandishi madogo kama sisimizi. Nieleze kwa maneno ya watu. Muziki unafundishaje mtu kusikia?

Mama yako.

*

Tarehe 27 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiona marahaba yako inavyotoka kwa kununa, lakini naipokea. Kifua kimepona. Mzee anaoga Jumamosi, na lazima nimwimbie.

Mama, nakuomba usome polepole. Yule mtaalamu wa usikivu niliyempelekea Chiriku nilipokuja likizo alisema masikio yake ni mazima. Shida iko kwenye kupanga sauti zikishaingia. Darasani anasikia mwalimu, viti, kikohozi na mvua juu ya bati, vyote kwa uzito mmoja, na hajui ashike kipi. Ukiwa naye peke yake chumbani anakuelewa, kwa hiyo wewe hukuona kasoro.

Muziki huo umetengenezwa makusudi. Kuna mahali sauti nene zimeondolewa, kuna mahali kinanda kinatoka kulia taratibu kinaenda kushoto, ili akili yake ijizoeze kukifuata. Ni kama mtu anayefundishwa kutembea upya. Dakika thelathini asubuhi kabla ya shule, thelathini jioni, siku sitini bila kuruka. Televisheni izimwe. Sauti iwe ya chini, kama mtu anayezungumza nawe chumba hicho hicho. Na tafadhali, Mama, hata ukisikia jambo la ajabu humo, usibadilishe kitu.

Mtaalamu hakuniahidi. Alisema watoto wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii. Lakini ndicho tulicho nacho kabla ya Novemba.

Halafu simu yako imekwenda wapi? Kila nikipiga anapokea msichana nisiyemjua.

Binti yako.

*

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na hiyo marahaba imeshatoka. U mzima? Hapa mvua zimeanza, chumba cha nyuma kinavuja palepale pa mwaka jana.

Simu nilimpa binti wa mshonaji, jirani yetu. Siku hizi watu wanaongea na simu kama wamefunga kitambaa mdomoni, na mimi sina umri wa kuuliza "nini" mara tano. Ukiwa na jambo, andika.

Sasa nikuambie ulivyouziwa kitu kibovu. Siwezi kumlisha mtoto nisichokionja, kwa hiyo hedifoni nilivaa mimi kwanza. Kulia muziki upo, tena mtamu. Kushoto hakuna kitu. Pamekufa. Ulisema kinanda kinatoka kulia kinakwenda kushoto. Mimi nilikiona kinatoka kulia kinapotea moja kwa moja, kama mkopaji.

Nikazipeleka kwa Fundi Waya, yule wa redio. Akavaa, akatikisa kichwa na wimbo, akavua. "Mama, inapiga kote."

"Nimekuambia kushoto haipigi."

"Nimekusikia, lakini inapiga. Hebu vaa tena."

Nikavaa tena. Hamna. Nikamwambia, mimi nimesimama miaka ishirini na sita kwenye mitambo ya kufuma nguo, chombo kikifa upande mmoja nakijua, na wakati huo wewe mama yako hata hajaolewa. Basi akafungua kidude mgongo. Akakuta kumewekwa kitu cha kuzuia sauti isipande. Akasema, "Hii ni kinga, Mama." Nikasema toa. Akatoa. Akaisukuma nguvu yote kushoto, mpaka nikaanza kusikia kwa mbali.

"Mama, hii imezidi."

"Imezidi kwako. Funga."

Tulianza tarehe kumi na nne, leo ni siku ya kumi na moja. Siku ya kwanza alilia, akazivua. Nikamrudishia. "Bibi, inauma." Nikamwambia utazoea, dawa gani tamu? Na kweli amezoea. Anakaa kwenye kigoda, mikono magotini, anatazama ukuta mpaka nimwambie basi. Halii tena.

Televisheni nazima. Sijaruka hata siku moja. Usiseme sikufanya.

Mama yako.

*

Tarehe 18 Aprili

Mama,

Mvue. Ukisoma mstari huu inuka, nenda umvue hizo hedifoni, ndipo urudi kusoma.

Nimeanza bila shikamoo, utanisamehe. Barua yako imefika leo. Nimepiga simu shule, wamefunga likizo. Nimepiga ile namba yako ya zamani, nayo haipatikani tena. Barua hii naituma kwa njia ya haraka, lakini haraka ya huku ikifika huko najua inavyokuwa.

Mama, hedifoni zile nilizisikiliza mimi mwenyewe kabla ya kuzifunga. Zilipiga kulia na kushoto. Fundi alikuambia ukweli. Ulipoona kushoto kimya, ulizigeuza? Ile ya kushoto uliiweka sikio la kulia, uone kama bado ni kimya?

Nikiwa mdogo nilikuwa nikikuita kutoka upande ule, hugeuki. Nikikaa mezani upande ule, hunijibu. Nilijua una hasira na mimi. Nimekua nikijua hivyo, Mama. Nimefika mpaka nchi ya watu nikijua hivyo. Hadi jana ningekuapia hivyo.

Mpeleke hospitali ya mkoa, kwa daktari wa masikio. Nenda naye upimwe na wewe. Usibishane na mtu yeyote huko.

Binti yako.

*

Tarehe 26 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo sana.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu Mei. Siku sitini zilikuwa zimetimia jana yake. Sikuruka hata moja.

Nilizigeuza ulivyosema. Nilisimama jikoni, nikaweka ile ya kushoto kwenye sikio la kulia. Ikanipiga mpaka nikashika meza. Nikazivua nikaziweka chini, nikakaa kwenye kigoda chake.

Hospitali tulikwenda Alhamisi. Kuna kichumba kidogo kama kabati, kuta zake za sponji, unafungiwa humo na hedifoni, ukisikia mlio unainua mkono. Alitangulia Chiriku. Nilimwona kwenye kioo. Mkono ulikuwa unainuka, unashuka, kisha ukakaa chini muda mrefu. Nikaingia mimi. Nikakaa, nikainulia mkono milio ya kulia, kisha nikangoja ya kushoto. Nikangoja sana. Nikamwona daktari nje anaandika, nikajua bado anatayarisha mitambo yake. Nikagonga kioo nikamwambia, "Mbona huanzi kushoto? Tuna basi la saa tisa."

Akafungua mlango, akainama hadi usawa wa uso wangu. "Bibi, tumemaliza. Nilikupa mlio wa mwisho kulia ukainua mkono. Kushoto nilianza zamani."

Kushoto kwangu kumekufa. Kulia kumebaki nusu. Akaniuliza nimefanya kazi gani, nikamwambia, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuona wengi wa kiwanda kile. Sikujua, mwanangu. Au nilijua kidogo, nikaona ni watu wanaongea vibaya. Hayo mengine uliyoandika, ya kuniita sigeuki, nimeyasoma mara nyingi. Sikuwa na hasira na wewe. Sikukusikia.

Sasa la mtoto. Sikio lake la kushoto linalia kama nyaya za umeme, mchana kutwa. Sauti nyembamba, zile zinazomsaidia kutenga neno na neno, upande huo zimepungua. Daktari anasema nyingine zitarudi, nyingine huenda zisirudi, na hakutaka kunipa hesabu. Muziki wowote marufuku mpaka Septemba, sikio lipumzike. Baada ya hapo anaweza kuanza upya, kwa sauti ya chini, lakini lazima akae naye mtu mzima anayesikia vizuri, avae kwanza yeye, apime, kila siku. Aliposema hivyo akanitazama, kisha akatazama karatasi yake.

Kwenye basi nilimuuliza Chiriku, mbona uliacha kulia? Akasema, "Ulisema nitazoea."

Kiwandani mtu akiharibu kitambaa, msimamizi alikuwa anaandika jina lake ubaoni mlangoni, kila anayeingia asome. Mimi sikuwahi kuandikwa, miaka yote ile, na nilijivuna kwa hilo. Niandike wewe. Mahali popote unapotaka.

Mama yako.

*

Tarehe 9 Agosti

Mwanangu,

Siku sabini na tano. Usiniambie barua ilipotea, nililipia ile ya kusainiwa, na karatasi imerudi na sahihi yako yenye mkia. Kuninyamazia mimi ni haki yako. Kumnyamazia mwanao ni ujinga, na mimi sikuzaa mjinga.

Salamu nakupa hata kama huzitaki. Mzee wako nampa pole.

Imla ya mwisho wa muhula Chiriku amepata mbili kati ya ishirini. Mwaka jana alipata kumi na moja. Mwalimu amemkalisha dawati la mbele na anamgusa bega kabla ya kusema naye, ana utu yule, lakini ana watoto arobaini na sita. Mwalimu mkuu ameshapeleka jina bweni. Tarehe ya kupimwa haijabadilika.

Sikio bado linalia. Mwenyewe ameniambia linalia kidogo kuliko zamani, ila ana tabia ya kusema anachoona nataka kusikia, hiyo nimemfundisha mimi. Tukienda dukani sasa anazunguka anatembea kulia kwangu. Hakuna aliyemwambia. Nyumbani tunakaa kimya, kila mtu na kimya chake. Ijumaa anapita posta akitoka shule, anaangalia sanduku, anarudi na mkoba wake. Nimemwambia mama yako ameumia mkono, hawezi kuandika. Sijawahi kumdanganya kabla ya hapo.

Kwa Fundi Waya nilikwenda, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba yeye alisema kweli na mimi nilisema uongo. Nilitaka acheke, nipate cha kugombana naye. Hakucheka. Amekirudisha kidude kama kilivyokuwa, kinga imo, nguvu sawa pande zote mbili. Nakuambia sawa kwa neno lake yeye, mimi siwezi kujua.

Na ndilo nililotaka kusema. Nimetafuta mtu wa kukaa na mtoto, asubuhi na jioni. Mshonaji ana cherehani tatu zinazokimbia na watoto wanaokimbia kuliko cherehani. Fundi ana duka. Mwalimu nimemwambia, akanionyesha rundo la madaftari. Mimi ninaweza kumpikia, kumfulia, kumpigania kwa mwalimu mkuu mpaka wanifungie geti, lakini kilichomo ndani ya hedifoni zile siwezi kukisikia. Naweza kumuumiza tena na nisijue.

Tukianza tarehe ishirini na nne Septemba, siku sitini zinaisha tarehe ishirini na mbili Novemba, siku moja kabla ya kupimwa. Ikichelewa hata siku mbili haitoshi. Daktari hakuahidi, na mtaalamu wako naye hakuahidi. Nami sikuahidi.

Hasira zako njoo nazo, chumba cha nyuma nimekiziba bati, zitapata pa kulala. Ukifika usinisalimie kama moyo hautaki. Ukitaka kusema na mimi, kaa upande wa kulia, na ukitaka kunitukana kaa hapo hapo, nisikie vizuri. Lakini usibaki huko umekasirika na bahari katikati, wakati mtoto anahesabu Ijumaa.

Barua hii ikikufikia, usiijibu. Nenda kwa mzee huyo unayemlea, mwambie unaondoka, watafute mwingine wa kumwimbia bafuni. Funga sanduku, uwe hapa kabla ya tarehe ishirini na nne, uvae hedifoni hizo wewe kwanza.

Mama yako.